Moto Niliomnyima Mama Mkwe

Bwana asifiwe. Mniwie radhi, sitakuja hapo mbele. Mwenyekiti ameniwekea kiti kizuri chenye kitambaa cha kufumwa, nimekiona, asante sana, lakini nitasemea hapa hapa karibu na mlango. Watu wa hapa Kiogoro wamezoea. Nyinyi wageni wetu kutoka Kericho, ambao kwa ajili yenu nimeombwa niache Ekegusii niseme Kiswahili, msidhani nina haraka ya kwenda sokoni. Mtaelewa nikiendelea. Na Kiswahili chenyewe nilikiokota Ogembo nikiuza ndizi, kwa hiyo kikipinda mahali, kinyoosheni kimoyomoyo.

Kitu kingine: sitamtaja mtu. Najua tayari kuna wanaonong'onezana huko nyuma, "ni wale wa kilimani, ni yule." Wacheni, jamani. Nina sababu, na nitaisema kabla sijaketi.

Niliolewa upande wa Ogembo, wakati wa Uhuru hivi. Mume wangu alikuwa akichuma chai Kericho, akija nyumbani mwisho wa mwezi, akikumbuka. Cheka tu, baba watoto, unajua nasema kweli. Mtoto wetu wa kwanza alichukuliwa na surua kabla hajatembea. Wa pili hakumaliza hata msimu mmoja. Ndugu zangu, mwanamke akizika watoto wawili hivyo, watu wanaanza kumwangalia kwa pembeni. Wakikutana naye njiani wanakumbuka wamesahau jembe nyumbani, wanarudi.

Mama mkwe wangu alikuwa na nyumba yake juu kidogo ya yangu, kwenye boma moja. Ni Mkatoliki tangu usichana, rozari yake inaning'inia kwenye msumari kando ya mlango. Maneno hana. Alikuwa akija na kibuyu cha uji, anakiweka chini, anasema, "Kunywa," anaondoka. Mimi nilitaka mtu wa kulia naye. Nikajiambia mama huyu ananichukia kwa sababu nimeshindwa kumpa wajukuu.

Sasa, watu wa Kilimani wakanijia. Sisi tulipaita hivyo tu, Kilimani, mahali pao pa kusali palipozungushiwa ua wa miti. Walikuja wanawake na majembe yao, wakalima shamba langu la wimbi kuanzia juu mpaka chini huku wakiimba. Mnajua egesangio, ule mtindo wetu wa kulimiana kwa zamu: leo kwangu, kesho kwako. Hawa hawakudai zamu. Mmoja wao, mwanamke wa rika langu, alinichotea maji msimu mzima. Huyo nilimwita dada, na mnishikie habari yake hapo, nitamrudia.

Watu wakisimulia makundi kama haya husema tangu mwanzo yalikuwa mabaya. Mimi siwezi. Walinipenda, na nilipendeka. Kiongozi wao tulimwita Mkubwa. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alikuwa na sauti ya chini, mpaka unainama ili umsikie, na siku ya kwanza aliniuliza majina ya wanangu waliokufa. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa ameniuliza. Siku ile angeniambia nitembee mpaka ziwani bila viatu, ningekwenda.

Sasa niwaeleze jambo la moto, maana ushuhuda wangu wote uko hapo.

Siku hizo kiberiti kilikuwepo dukani, lakini mke mwenye akili hakukichezea. Moto wako ukizimika ulichukua kigae cha chungu kilichovunjika, ukaenda kwa jirani ulikoona moshi. Ulipewa kaa, ukalifunika majivu, ukapata na habari za kijiji kizima, ukarudi kwako. Mkubwa alikuwa amezaliwa katika vijiji hivi hivi na alilijua jambo hilo vizuri. Akatusomea habari ya wana wa kuhani walioleta moto wa kigeni madhabahuni wakateketea. Akasema, moto wa nyumba ya mtu wa Mungu utoke mahali pamoja tu. Basi kila Jumamosi baada ya sala tulipewa makaa ya pale Kilimani, tukateremka mlima wanawake tumepangana, kila mmoja na kigae chake kinachofuka. Ilikuwa nzuri kuangalia. Hata sasa nikikumbuka naiona ilikuwa nzuri, na hilo linanisumbua.

Masharti yalikuja polepole. Kwanza, usiwashe kwa kiberiti, kwa sababu moto wa dukani hauna baba. Halafu, usimpe mtu wa nje moto wako. Halafu, usile kitu kilichopikwa kwa moto mwingine. Mnaona akili ya mtu yule? Hakutukataza kwenda kwa jamaa zetu hata siku moja. Alitukataza moto tu. Lakini jaribuni nyinyi kuishi huku kwetu bila kula kwa watu. Harusi huli, matanga huli, kwa mama yako mzazi unakaa na mikono mapajani huku anakukaribisha obokima, ugali wetu wa wimbi, na mboga ya chinsaga aliyokuwekea tangu asubuhi. Baada ya mwaka, hakuna anayekuita tena.

Na moto ukizimika kabla ya Jumamosi? Hapo ulisimama mbele ya watu wote useme ni dhambi gani iliyouzima. Si kuni mbichi, si mvua. Dhambi. Na hukupewa kaa mpaka useme. Jamani, moto unazimika! Kila mwanamke hapa anajua. Basi tukajifunza kutunga. Mimi siku moja nilikosa kabisa, nikakiri kwamba nimeiba kuku wa mama mkwe. Yule kuku alichukuliwa na mwewe saa nne za asubuhi, kijiji kizima kikipiga mayowe. Nikaambiwa niende nikaombe msamaha. Nikaenda. Mama mkwe akaniangalia, akaangalia juu mwewe alikopitia, akasema, "Mokamwana, unaumwa?" Mokamwana ni mke wa mwanangu, ndivyo anavyoniita. Mnacheka. Mimi sikucheka. Nilirudi Kilimani nikasema amekataa kunisamehe.

Huo ulikuwa uongo mdogo. Jambo kubwa lilikuja masika. Kuni zilikuwa zimelowa kila mahali, na mama mkwe akateremka na kigae chake mpaka mlangoni kwangu. Moshi wangu unaonekana. Moto wangu unaonekana, nimekaa mbele yake naota. Nikamwambia, "Mama, huu siwezi kukupa."

Akauliza, "Bado unapika?"

"Hapana, mama. Siwezi tu."

Mvua inamnyeshea mgongoni. Akasema, "Haya, mokamwana," akapanda kurudi kwake na kigae kitupu. Ninyi mnaotoka mbali labda hamjui uzito wake. Kwetu hata watu wenye kesi ya shamba hupeana moto. Na nataka msikie nilivyojisikia: nilijisikia vizuri. Nilijiona nimeshinda. Jumamosi nikalisimulia Kilimani, na watu wakaniimbia.

Mwaka ule nikapata binti. Nikasema, mnaona, Mungu amependezwa. Akakua, akaanza kukaa mwenyewe, halafu akashikwa na kikohozi. Kilianza kidogo. Mchana mmoja ikanyesha mvua ya mawe ya kwetu, ile inayochanachana migomba ikabaki nyuzi. Paa langu la nyasi likatoboka juu ya meko, maji yakaingia, moto ukafa mbele ya macho yangu. Mtoto kifua kinapanda na kushuka, mbavu zinaonekana. Nikamfunga mgongoni, nikachukua kigae, nikakimbia kupanda Kilimani juu ya yale mawe ya barafu.

Langoni nilimkuta yule dada yangu. Nikashukuru Mungu. Nikamwambia, "Dada, nipe kaa upesi, mtoto hapumui vizuri."

Akasema, "Sema kwanza dhambi."

Nikasema yote. Nilisema nilizofanya na ambazo sikufanya, hata kuku yule nilimrudia. Akaenda kumwita Mkubwa. Mkubwa akatoka, akanisikiliza hadi mwisho, na kwa sauti yake ile ya chini akasema, "Iko moja unayoificha. Nenda, uitafute, uje nayo Jumamosi." Akaingia ndani. Dada akalifunga lango.

Ndugu zangu, nawaambia, nilipokuwa nikishuka ule mlima nilikuwa nikiitafuta. Mtoto anakoroma mgongoni kwangu, na mimi sifikirii hospitali, sifikirii nguo kavu. Nafikiria ni dhambi gani nimesahau. Hivyo ndivyo mtu anavyoweza kufanywa, tena bila kupigwa hata kofi.

Nikafika nyumbani nikakaa chini. Kwa mama mkwe sikwenda. Aibu ilikuwepo, lakini zaidi niliogopa. Niliamini kabisa kwamba moto wa nyumba yake ukiingia kwangu mtoto atakufa.

Yeye alikuwa ameona paa langu halina moshi. Akaja bila kuitwa. Kigae ameshika kwa mikono miwili, jani la mgomba juu yake kuzuia matone. Nikasimama nikaziba mlango. Nikamwambia, "Mama, usiingie na moto huo. Mtoto atakufa."

"Mtoto anakufa sasa hivi," akasema. "Sogea."

Na akanisukuma kwa kiwiko. Mama huyu ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti! Akainama mekoni, akatoa majivu yaliyolowa kwa mkono wake, akapuliza mpaka moto ukashika. Akamvua mtoto nguo, akamweka kifuani kwake chini ya leso. Mimi nimesimama ukutani nangoja mtoto afe. Nangoja. Mtoto akakohoa, akaanza kulia kwa nguvu, sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu juzi yake. Mama akasema, "Sasa hospitali." Tukatembea kwenye matope hadi hospitali ya misheni, yeye amembeba mtoto. Daktari alisema tungekawia mpaka Jumamosi tusingemkuta. Binti mwenyewe ndiye yule pale dirishani, anayenikonyeza nipunguze maneno.

Sikurudi Kilimani tena. Waliokuwa wakinilimia walipokutana nami njiani walifunika vigae vyao kwa leso, kana kwamba macho yangu yatauzima moto. Yule dada naye alifunika.

Sasa wengi hupenda ushuhuda uishie hapa. Mtoto amepona, mama ametoka gizani, tuimbe. Mimi hapo ndipo nilipoanguka. Nilipokuwa Kilimani nilikuwa na imani, hata kama ilikuwa imani ya hofu. Nilipotoka, sikuwa na kitu. Nikipiga magoti, kabla sijasema "Baba," nasikia ile sauti ya chini: ipi unayoificha? Na mdomo wangu unaanza wenyewe kukiri vitu. Kuku. Vitu vya watu wengine. Nainuka natokwa jasho. Nikaacha kuomba.

Na sikutulia mahali. Jumapili nilikwenda kwa Wakatoliki na mama mkwe, Jumamosi kwa Wasabato na jirani, nikadhani labda mmoja wao atanishika mkono. Kote nilikaa karibu na mlango. Mhubiri akisema tu, "Kila mtu atafakari makosa yake," wenzangu wakifumba macho, mimi niko barabarani. Nikaenda kukaa kwa dada yangu wa tumbo moja huko Nyamira, nikachuma chai msimu mmoja, nikarudi. Nikaanza biashara ya ndizi, kwa sababu mfanyabiashara akitembeatembea haulizwi. Mzee mmoja wa kanisa aliniambia nina pepo wa kuzurura. Nikamwambia kama yupo basi amechoka miguu kuliko mimi. Na nilinunua viberiti. Mume wangu atawaambia: vilikuwa darini, kwenye kikapu cha ndizi, kwenye fundo la leso, chini ya mto. Alikuwa akivikuta kila anapokaa, anavirudisha mahali pake. Namshukuru kwa hilo hadi leo.

Siku moja nikamkuta mama mkwe akichambua chinsaga mlangoni. Nilikuwa nimelibeba swali muda mrefu. Nikamwuliza, "Mama, mimi nilikunyima moto ukinyeshewa. Kwa nini uliniletea wako?"

Akaendelea kuchambua. "Sikuona moshi," akasema.

Ni hilo tu. Nilikasirika hata, nilitaka maneno makubwa, nilitaka anihukumu kidogo halafu anisamehe kama nilivyozoea. Nikamwuliza tena, "Mimi siwezi kuomba siku hizi. Unajua?"

"Najua. Mimi naomba. Wewe kaa tu hapa unisaidie na hizi mboga."

Nikakaa. Ndugu, sikuokoka pale, msianze kupiga makofi. Lakini nilikaa mahali pamoja mpaka mboga zikaisha, na nilikuwa sijafanya hivyo muda mrefu.

Sasa yule dada. Ilikuwa alasiri, nimerudi sokoni, nimewasha moto wangu. Nikasikia mtu anapita katikati ya migomba, nyuma ya nyumba, mahali ambapo hakuna njia. Nikatoka. Ni yeye. Amekonda. Kigae amekificha chini ya leso. Nilikuwa na maneno yangu, jamani! Miaka yote ile nilikuwa nikiyapanga nikitembea barabara ya Ogembo na ndizi kichwani. Nilikuwa nimepanga hata nitakavyofunga mlango.

Akafungua mdomo. "Dada," akasema, "moto wangu umezimika kwa sababu mimi nili..." Akaanza kukiri. Kwangu mimi! Macho yake yanahangaika, anatafuta la kusema, na nikajua kwa hakika kwamba anatunga, kwa sababu nilikuwa nimeuvaa uso ule ule mimi mwenyewe. Nikaweka kiganja changu kwenye mdomo wake. Nikamwambia, "Acha. Sikukuuliza."

Nikaingia, nikachagua kaa lililoshika vizuri kuliko yote. Nilipokuwa nalifunika majivu kwenye kigae chake nikasikia mtu anamwambia Mungu kwa Ekegusii, "Nyasae, mfikishe nao nyumbani." Ni mimi. Ilikuwa sala, na ilikuwa imekwisha kutoka kabla sijaogopa. Nikabaki nimechuchumaa nikingoja ile sauti ya chini iniulize ninachoficha. Haikuja. Nyuma yangu dada akasema, "Amina." Nikalia pale pale mbele ya moshi, na yeye akalia, halafu akachukua kigae chake akapita tena kwenye migomba, kwa sababu kule kwake watoto walikuwa hawajala.

Tangu siku ile naomba. Fupi fupi, nikiwa na kazi mkononi, nikipanga ndizi, nikipuliza moto. Ndefu bado siziwezi. Siku nyingine ile sauti hurudi, na wiki nzima sina raha, natembea tu. Sitawadanganya kwamba nimekuwa mtu wa kutulia. Nimesema mbele yenu hivi nimeshika mwimo wa mlango, na mmeniona. Lakini yule Mungu niliyedhani yuko Kilimani amefungiwa ndani ya ua, nimemkuta nje, na hakuniuliza habari za kuku.

Namshukuru mume wangu kwa viberiti. Nawashukuru ninyi wa kanisa hili, mlioniachia benchi la mlangoni bila kuniuliza kwa nini, na hata mgeni akilikalia mnamhamisha kwa adabu. Namshukuru mama mkwe, ambaye ameketi pale mbele anajifanya hasikii. Mama, ulikuja bila kuitwa. Sina la kukulipa, na najua hutaki nianze.

Na sababu ya kutotaja majina ni hii. Yule dada bado yuko kule. Ana watoto kule, ana mume kule, na kutoka si jambo la siku moja. Wako wengine kama yeye. Wanapita nyuma ya nyumba zenu pia. Kama mna la kujifunza kwangu, basi ni hili tu: mkimwona mwanamke anatokea kwenye migomba na kigae chini ya leso, msimwulize moto wake umezimwa na nini. Mpeni kaa kubwa, mlifunike vizuri, mumwache aende nalo.